Shahawa Zisisubiri Jogoo Azeeke

Katika uzalishaji wa kuku wa ukoo bora, hakuna uamuzi unaoharibu kazi njema kuliko ule wa kumweka jogoo hadi sifa za watoto wake zijulikane, na ndipo shahawa zake zikamuliwe na kugandishwa. Wanaoutetea hudai kwamba jogoo ambaye hajathibitishwa hastahili nafasi katika mtungi wa naitrojeni, lakini hesabu ya wiki inawakatalia. Jogoo aliyeanza kupanda akiwa na wiki 25 husubiri mayai yaatamiwe kwa siku 21, kisha mabinti zake wakue kwa wiki 20 hivi, kwa hiyo yai la kwanza la binti humkuta yeye yuko wiki ya 48, na rekodi ya utagaji inayotosha kumhukumu humkuta amepita mwaka. Kwa majogoo wa nyama, rutuba huwa imeanza kushuka tangu wiki ya 45 hivi. Uamuzi huo, basi, humkamua jogoo wakati ambapo hana tena cha kutoa.

Umri haupunguzi wingi wa shahawa peke yake. Mbegu ya jogoo ni nyembamba kama uzi, na utando wake, yaani ngozi inayoizunguka, una mafuta laini ambayo oksijeni huyaharibu upesi; jogoo anapozeeka, mafuta hayo hubadilika na antioksidanti, yaani kemikali zinazoyakinga, hupungua. Utando huohuo ndio unaopigwa na baridi, kwa kuwa maji hunyonywa kutoka ndani ya mbegu, chumvi hukolea, na fuwele za barafu huchanachana kilichosalia. Hata shahawa za jogoo kijana zikigandishwa na mkono stadi, takribani nusu ya mbegu hupotea. Anayepeleka za mzee katika mtihani huo ameshindwa kabla hajaanza.

Kosa hili hufichwa na hadubini, kwa sababu wengi bado wanahukumu tone lililoyeyushwa kwa kutazama kama mbegu zinatembea. Mbegu ya jogoo haitakiwi kutembea dakika chache tu, bali kupanda hadi kwenye vijifereji vya kuhifadhia vilivyopo mpakani mwa uke na tumbo la uzazi la kuku, na kudumu humo wiki mbili au zaidi ikirutubisha yai baada ya yai.

Waasisi walikuwa makini zaidi. Burrows na Quinn, mwaka 1937 huko Marekani, waliweka njia ya kukamua kwa kupapasa mgongo na tumbo la jogoo, na hadi leo mkamuaji hodari hukinga tone zito jeupe, lisilofika hata mililita moja, akiliepusha na kinyesi na mkojo. Mwaka 1949 Polge, Smith na Parkes, jijini London, walionyesha kwamba gliserini huzikinga mbegu za jogoo dhidi ya baridi, na jogoo ndiye aliyemfungulia ng'ombe njia. Kisha, mwaka 1951, Polge alipata vifaranga kutokana na shahawa zilizogandishwa kwa nyuzi 79 chini ya sifuri, baada ya kuiondoa gliserini, ambayo ikiachwa humzuia kuku kutunga mayai yenye rutuba. Baadhi ya wahimilishaji waliofunzwa kwa ng'ombe bado hawataki kulisikia hilo.

Kwa ng'ombe wenyewe lakini, jambo la umri lilishatatuliwa: shahawa za fahali kijana ziliwekwa akiba, na mabinti zake wakaamua hatima yake. Katika nyuzi 196 chini ya sifuri mbegu haizeeki, na hiyo ndiyo faida ya mtungi ambayo uamuzi wa kusubiri unaitupa. Vituo vya kuku vimkamue jogoo kati ya wiki ya 28 na ya 40, vigandishe, vingoje rekodi za mabinti, na shahawa za atakayeshindwa zimwagwe.