Ritifaa Katika Ulizo: Kasoro ya mysql_query

Lugha ya PHP, iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, ilijipatia wafuasi wengi kwa wepesi wake wa kupeleka maulizo kwenye hifadhidata. Mtungaji wa programu aliunga maneno ya amri na neno lililoandikwa na msomaji, akayafanya yote mstari mmoja, akaukabidhi kwa mysql_query. Wepesi huo wastahili sifa. Walakini ndani yake mlikuwa na kosa ambalo mwanafunzi wa sarufi angalilitambua mara moja: maneno yanayotumika na maneno yanayotajwa tu yalichanganywa, yakitengwa kwa alama moja dhaifu.

Mathalani, msomaji wa kamusi ya Kiswahili iliyowekwa katika MySQL atafuta neno ng'oa. Katika SQL neno linalotajwa kwa kawaida hufungwa baina ya alama mbili, na alama hiyo ndiyo ritifaa yenyewe. Basi hifadhidata husoma ng, hudhani mtajo umekwisha, kisha hukuta oa, neno lisilo na mahali katika amri. Ulizo lote hukataliwa. Mwenye nia mbaya naye hupita katika ufa huo huo: hufunga mtajo kwa ritifaa, kisha huongeza amri zake mwenyewe. Hila hiyo ilielezwa hadharani tangu 1998.

Dawa ya kwanza ilileta ugonjwa wa pili. PHP ilitia mkwaju wa kinyume mbele ya kila ritifaa iliyoingia, iwe yaenda kwenye hifadhidata au haiendi. Mtungaji akiutia tena kwa mkono wake, ng\'oa ilihifadhiwa hivyo hivyo, ikachapwa mbele ya wasomaji. Desturi hiyo iliondolewa katika PHP 5.4, mwaka 2012. Wako walioona heri kuifuta ritifaa kabisa. Kwao ng'oa ikawa ngoa, na kung'oa mti kukageuka wivu! Kuilaumu tahajia ya Kiswahili kwa ajili hiyo si haki.

Tiba ya kweli ni ya kisarufi. Katika mysqli, iliyokuja na PHP 5.0 mwaka 2004, amri yaweza kutungwa kwanza, ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa neno. Hifadhidata huichanganua amri hiyo, ndipo neno huletwa peke yake, wala haliwezi tena kugeuka amri. PDO ya mwaka 2005 hutoa sura hiyo hiyo, ingawa kwa MySQL, isipoagizwa vingine, huiiga tu, ikitia mikwaju na kuunga mstari yenyewe. Nayo mysql_query iliondolewa katika PHP 7.0, mwaka 2015. Lakini mrithi wake, mysqli_query, hupokea mstari ulioungwa kwa mkono bila kuuliza neno.