Istilahi za Ukusanyaji wa Takwimu za Uchumi: Dodoso, Kazi na Ajira

Istilahi zitumiwazo katika ukusanyaji wa takwimu za uchumi zimekwisha kuenea nchini kiasi kwamba si rahisi tena kuzitengua. Lakini kuenea kwa neno si ushahidi wa kufaa kwake, na katika fani hii neno lisilofaa halimsumbui msomaji wa kamusi tu, bali huharibu hesabu yenyewe.

Lichukuliwe neno dodoso. Kumdodosa mtu ni kumwuliza kidogo kidogo, kwa werevu, ili atoe jambo ambalo pengine asingependa kulitoa. Karani apigaye hodi kwa mfanyabiashara na kusema kuwa amekuja na dodoso amekwisha kumtia shaka kabla ya swali la kwanza, hasa ikiwa maswali yenyewe yahusu mapato. Hojaji haina doa hilo, tena hukaa vizuri pamoja na mhojaji na mhojiwa. Kwa maoni yetu ndiyo istahiliyo kupewa nafasi ya kwanza.

Kaya, kwa maana ya watu waishio pamoja na kula chungu kimoja, imefaulu. Msomaji wa Kilifi huenda akakumbuka kwanza misitu mitakatifu ya Wamijikenda, lakini muktadha huondoa utata huo. Sampuli nayo yatosha, ijapokuwa sokoni sampuli ya mchele ni ule mzuri aliouchagua muuzaji, ilhali mtakwimu hutaka uteuzi wa bahati nasibu.

Tatizo kubwa liko katika kazi na ajira. Mwulize mama aliyeshinda shambani tangu alfajiri kama ana kazi, naye atajibu: "Sina kazi, nalima tu." Katika mazungumzo ya kila siku kazi imekuwa ile yenye mshahara, na karani akiandika jibu kama lilivyotolewa, mkulima huyo hutoweka katika takwimu. Jambo hili limepimwa hapa hapa Tanzania. Katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011 na Elena Bardasi na wenzake, hojaji fupi isiyokuwa na maswali ya kuchuja ilionyesha wanawake wachache zaidi katika nguvukazi kuliko hojaji ndefu. Kiwango cha ushiriki kilitofautiana kwa hadi pointi 10 za asilimia, kwa kutegemea namna ya kuuliza na nani aliyejibu.

Ajira haituokoi. Mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi uliofanyika Geneva mwaka 2013 uliamua kuwa ajira ni kazi ifanywayo kwa malipo au faida. Kulima chakula cha kaya pekee ni kazi, lakini si ajira. Kwa ufafanuzi huo mchuuzi wa samaki anayo ajira. Yeye mwenyewe atakana, kwa kuwa hana mwajiri, na katika masikio yake ajira bila mwajiri haipo. Ndiyo maana likazuka neno kujiajiri, ambalo maofisini latumika sana kuliko ufukweni.

Hivyo twapendekeza kazi na ajira zisanifiwe kwa maana mbili mbalimbali na zibaki katika taarifa za wataalamu, bali zisiwekwe katika swali la kwanza la hojaji. Humo vitumike vitenzi: Je, ulilima? Ulivua? Ulichuuza? Ulimsaidia ndugu dukani? Wako watakaosema kuwa kuandika maswali si kazi ya mkuza istilahi. Basi atakuwa ameacha nusu ya istilahi mikononi mwa karani, ambaye hulazimika kutafsiri papo hapo mlangoni mwa watu, kila mmoja kwa namna yake.

Kadhalika wiki iliyopita iondolewe. Ikiulizwa siku ya Alhamisi, huyu atahesabu tangu Alhamisi iliyotangulia, na yule atarudi hadi wiki iliyokwisha kumalizika. Siku saba zilizopita, pamoja na kutajwa kwa siku ya kuanzia, hugharimu maneno machache tu zaidi.