Nimezifungua Hati za Hataza, na Siwezi Kuzifunga

Tundu liko nchani! Anzeni pale nilipoanzia mimi, kwenye mchoro wa hataza namba 4,750 ya Marekani, iliyotolewa tarehe 10 Septemba 1846 kwa Elias Howe wa Cambridge, Massachusetts. Sindano ya mkono tunaijua sote: ncha mbele, tundu la uzi nyuma, na ili ushone ni lazima sindano nzima ipenye kitambaa na kutokea upande wa pili. Sindano ya Howe ina tundu karibu na ncha. Kwa hiyo inapenya kidogo tu na kuacha kitanzi cha uzi upande wa pili. Kichuma kilichobeba uzi mwingine kinapita ndani ya kitanzi hicho. Sindano inarudi, nyuzi zinakazana. Basi! Mshono umefungika. Kila fundi cherehani anayekaa barazani mwa duka la vitambaa, kutoka Mombasa hadi Kigoma, anaishi kwa tundu lile, na hapa limechorwa kwa wino, limepewa alama yake, likaelezwa na mtu aliyekuwa akilipigania.

Ninachokuleteeni leo si simu mpya wala gari jipya. Ni hati zenyewe za hataza, zile karatasi ambazo mvumbuzi huzipeleka serikalini ili apewe haki ya kuutumia uvumbuzi wake peke yake kwa muda maalumu. Ziko wazi na ni bure. Google ilianzisha huduma yake ya kuzitafuta mwaka 2006, na Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina hazina yake iitwayo Espacenet yenye hati zaidi ya milioni 100. Unaandika namba kwenye simu yako, ukurasa unafunguka, na mbele yako kuna mchoro wa kalamu wa karne ya 19 wenye mistari myembamba kama unywele. Nilikuwa nikidhani ni makaratasi ya mawakili. Jamani, ni masimulizi ya ufundi matamu kuliko vitabu vingi vya historia nilivyosoma!

Utamu wake unatokana na mapatano yaliyomo. Leo, katika nchi nyingi, haki hiyo hudumu miaka 20 tangu siku ya kuomba, na mvumbuzi anailipia kwa kusema kila kitu: ni lazima akieleze kifaa chake kwa namna ambayo fundi mwingine mwenye ujuzi, akisoma, ataweza kukiunda. Kwanza inakuja michoro, kila kipande na alama yake. Kisha maelezo. Mwisho kabisa yanakuja madai, sentensi chache zinazotamka ni kitu gani hasa ambacho hakikuwapo duniani kabla ya mtu huyu. Someni madai! Hapo ndipo moyo wa uvumbuzi unapodunda, na mara nyingi ni kitu kidogo mno hata unashangaa.

Turudi kwenye cherehani, maana sijamalizana nayo. Katika mchoro wa Howe kitambaa hakilali mezani. Kinaning'inia wima, kimeshikwa na vijipini kwenye bamba la chuma, na sindano iliyopinda inakijia kwa ubavuni. Bamba likifika mwisho, fundi anasimama, anakichomoa kitambaa, anakipachika upya. Fungua sasa namba 8,294 ya Isaac Singer, Agosti 1851: sindano imenyooka na inashuka kutoka juu, kitambaa kimelala. Halafu mwaka 1854 anaingia Allen Wilson na yale meno madogo yaliyo chini ya mguu wa cherehani, yanayopanda, yakasukuma kitambaa, yakashuka, yakarudi nyuma kimyakimya kuanza tena. Nilipoyaona yale meno nilipiga kelele. Ni yale yale! Cherehani ya kanyagio iliyopo mtaani kwenu ni hataza kadhaa zilizopandana, moja juu ya nyingine, na unaweza kuzisoma kwa zamu na kuiona mashine ikikua mbele ya macho yako. Wenye hataza hizo walishtakiana wee, mpaka mwaka 1856 Howe, Singer na kampuni nyingine mbili wakaamua kuziweka hataza zao kapu moja na kugawana malipo.

Na kando yao alikuwapo Walter Hunt wa New York, ambaye miaka ya 1830 alikwisha kuunda mashine ya kushona yenye sindano ya tundu karibu na ncha, lakini wakati huo hakuiombea hataza. Huyu Hunt ndiye aliyepata hataza ya ile pini tunayofungia nepi za watoto, mwaka 1849, akaiuza kwa dola 400. Mchoro wa pini hiyo ni waya mmoja uliokunjwa, una springi upande huu na kifuniko cha ncha upande ule. Umeuona ukaelewa, hata bila kusoma mstari mmoja.

Seng'enge sasa! Nani angedhani kwamba waya wa miiba una siri? Namba 157,124, Joseph Glidden, mkulima wa De Kalb, Illinois, Novemba 1874. Watu walikuwa wamejaribu kuweka miiba kwenye waya kabla yake, na tatizo lilikuwa hilo hilo kila mara: miiba inateleza, inazunguka, inakusanyika mahali pamoja. Glidden anauzungusha mwiba kwenye waya mmoja, kisha anachukua waya wa pili na kuusokota pamoja na ule wa kwanza, na ule msokoto ndio unaoubana mwiba usisogee. Dai lake ni hilo tu. Ng'ombe akiusukuma, waya unakazana. Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha hataza hiyo mwaka 1892 baada ya kesi nyingi, na ukisoma madai yake unaona kwa nini: yalikuwa mafupi na yaligusa penyewe. Nimekwenda kuutazama uzio wa seng'enge upya, nyuzi mbili zimesokotana, mwiba katikati, na nikabaki nimesimama hapo kwa furaha.

Lakini ikiwa una nafasi ya kusoma moja tu, soma zipu. Namba 1,219,881, Gideon Sundback, mhandisi aliyezaliwa Sweden na kufanya kazi Marekani, Machi 1917. Kabla yake, mwaka 1893, Whitcomb Judson alikuwa amepata hataza za kifungio cha viatu kilichotumia kulabu na vitundu, na kifungio hicho kilikuwa na tabia ya kufumuka. Sundback akaachana na kulabu kabisa. Kila jino la zipu yake ni sawa na jingine: juu lina kinundu, chini lina kishimo. Kinundu cha jino hili kinaingia kwenye kishimo cha jino linalofuata upande wa pili, na kwa kuwa meno yamepangwa kwa zamu, hakuna jino linaloweza kutoka peke yake; limebanwa na jirani wa juu na jirani wa chini. Yanafunguka tu pale utepe unapopindwa kwa pembe fulani, na kazi ya kile kichuma kinachotelezeshwa ni hiyo, kuupinda utepe kwa pembe ile, mahali pale, kwa kila jino kwa zamu yake. Soma hilo tena ukiwa na koti lenye zipu mkononi. Fungua polepole. Unaiona pembe? Uhandisi wa hali ya juu umekaa kwenye begi la shule la mtoto!

Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitaji: Sundback alibuni pia mashine ya kuyatengeneza meno hayo na kuyabana kwenye utepe. Bila mashine hiyo zipu ingebaki kitu cha maonyesho. Kwangu mimi huo ndio ukubwa wa mtu huyu, kwamba alikiona kitu na kiwanda chake kwa pamoja.

Sasa tuinuke angani. Namba 821,393, Orville na Wilbur Wright, 22 Mei 1906. Tafuteni injini kwenye michoro yake. Haimo! Ndugu hawa waliomba hataza tarehe 23 Machi 1903, takriban miezi tisa kabla ya kuruka kwa injini Desemba mwaka huo, na kilichochorwa ni chombo cha kuelea hewani, mabawa mawili yaliyopandana, rubani amelala kifudifudi juu ya bawa la chini. Wanachokidai ni kukiongoza. Rubani anasogeza kitanda kidogo alicholalia, kamba zinavuta, ncha ya bawa la upande mmoja inapindika kwa pembe moja na ya upande wa pili kwa pembe kinyume, chombo kinainamia upande. Lakini bawa lililonyanyuka linasukumwa zaidi na hewa, hivyo pua inaanza kugeukia kusikotakiwa. Kwa hiyo wameufunga usukani wa nyuma kwenye kamba hizo hizo, ili mwendo mmoja wa mwili ufanye kazi zote mbili. Dunia nzima ilikuwa inahangaika na nguvu za kupaa. Hawa wawili walielewa kwamba tatizo kubwa lilikuwa kutoanguka, na walilielewa mapema kiasi cha kuliandika na kuliwasilisha serikalini kabla hata propela haijazunguka. Jalada la asili la maombi yao lilipotea katika nyaraka za taifa za Marekani kwa miaka mingi, likapatikana mwaka 2016 kwenye ghala huko Kansas. Nakala iliyochapishwa unayo wewe mfukoni, kwenye simu.

Ukitaka kushangaa zaidi, namba 2,292,387 ya Agosti 1942 inamtaja mvumbuzi Hedy Kiesler Markey. Ni Hedy Lamarr, mwigizaji wa sinema mzaliwa wa Vienna, akishirikiana na mtunzi wa muziki George Antheil. Walitaka topido iongozwe kwa redio bila adui kuweza kuyavuruga mawimbi, na jibu lao ni kwamba kirushi na kipokezi viruke pamoja kutoka masafa hadi masafa, kwa mpangilio uliotobolewa kwenye karatasi za kuviringisha kama zile za piano inayojipiga yenyewe. Masafa 88, sawasawa na idadi ya vitufe vya piano! Jeshi la Wanamaji la Marekani halikuutumia mfumo huo wakati wa vita. Hata hivyo kurukaruka kwa masafa kukaja kuwa msingi wa mawasiliano mengi, na Bluetooth ya kawaida inaruka mara 1,600 kwa sekunde. Antheil alikuwa ametunga muziki wa piano zinazojipiga. Sidhani mhandisi wa redio pekee angeifikia njia hiyo.

Motokaa nazipitia kwa haraka, isipokuwa moja. Namba 3,043,625, Nils Bohlin, 1962. Bohlin alikuwa akibuni viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege huko Saab, akahamia Volvo mwaka 1958, na mwaka uliofuata mkanda wake ukawa ndani ya magari. Ukanda mmoja unakatiza kifua, mwingine unakatiza nyonga, na zote mbili zinakutana chini, ubavuni mwa kiti, mbali na tumbo. Unafungwa kwa mkono mmoja. Mahali pale pa kukutania, pembeni na chini, ndipo penye uvumbuzi wote, maana nguvu ya mgongano inaangukia mbavu na mifupa ya nyonga, nayo inastahimili. Kisha Volvo ikawaachia watengenezaji wengine waitumie hataza hiyo. Wakenya wanaozikumbuka sheria za Waziri John Michuki za mwaka 2004, matatu zilipolazimishwa kuwa na mikanda, walifunga vifuani mwao kazi ya vizazi vya wahandisi, na mchoro wa Bohlin ni miongoni mwa michoro iliyo wazi kuliko yote niliyoiona.

Je, hakuna kasoro? Zipo, na zinaniumiza kwa sababu napenda vitu hivi. Lugha ya madai ni nzito. Sentensi moja inaweza kujaza nusu ukurasa, na mawakili hupenda kurudiarudia kila kitu. Nakala za kale zimepigwa picha vibaya, herufi zimelika. Na hati nilizozitaja hadi hapa zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa ufundi wa Tanga au Bukavu anayeijua mashine kwa vidole anazuiwa na maneno. Ningependa sana kuona chuo kimoja kikichukua hataza hamsini za kale na kuzitafsiri pamoja na michoro yake. Muda wa haki zake umekwisha, hakuna wa kuombwa ruhusa ya kuunda vitu vilivyomo. Kwa zilizo hai jueni hili: hataza ni ya nchi kwa nchi. Tanzania Bara hataza husimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, Kenya ina KIPI, taasisi yake ya mali za viwandani, na ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali bunifu lililoko Harare, hupokea maombi kwa niaba ya nchi wanachama. Mwenye wazo lake aulize huko kabla ya kulitangaza hadharani, kwa sababu kutangaza mapema kunaweza kumpotezea haki.

Njia ninayoipendekeza: anza na zipu, kwa sababu kifaa unacho mkononi na unaweza kuhakiki kila mstari. Nenda kwa Glidden, ni fupi. Kisha Howe, Singer na Wilson kwa mfululizo, ikiwezekana ukiwa umekaa karibu na fundi cherehani atakayekuonyesha meno na mguu wa mashine. Waachie ndugu Wright jioni nzima, michoro kwanza, madai baadaye. Mimi naelekea kwenye Kijerumani: namba 37435 ya Carl Benz ya Januari 1886, gari la magurudumu matatu, na baada yake namba 67207 ya Rudolf Diesel ya 1892, kwa sababu nataka kuona alivyoueleza moto unaowashwa na mgandamizo wa hewa wakati hakuna injini hata moja ya namna hiyo iliyokuwa imewahi kuunguruma.