Chungu Kimoja, Wanywaji Wawili: Kileo katika Riwaya na katika Maisha ya Kakuma

Uhakiki wetu wa riwaya umezoea kumgawa mnywaji mafungu mawili. Yupo anywaye ili akae na wenziwe, na yupo anywaye ili ajisahau. Wa kwanza huitwa mtu wa starehe, naye husamehewa. Wa pili huitwa mlevi, na aghalabu hufanywa onyo kwa msomaji. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo ni dhaifu, kwa kuwa unatafuta ndani ya moyo wa mhusika jambo ambalo kwa sehemu kubwa liko nje yake: nani kapika, kwa nafaka ya nani, na nani ameketi kando ya mnywaji. Dai hili tutalipima kwa riwaya tatu, kisha kwa maisha ya Lodwar na Kakuma.

Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ulevi wa Zakaria, babake Rosa, ni rahisi kusomwa kama kasoro ya malezi na kuachwa hapo. Usomaji huo si wa uongo, ila unakomea mlangoni. Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed inatupeleka mbele zaidi. Maimuna anaitoroka nyumba iliyomfungia, na hatimaye anaangukia katika maskani ya Mama Jeni, ambako miili na vileo huuzwa pamoja. Je, anakunywa kwa starehe ama kwa uchungu? Swali halijibiki, maana kelele za wateja ndizo zinazoufunika uchungu wake. Penye watu wengi ndipo alipo mpweke.

Anayelifafanua jambo hili barabara ni Ngũgĩ wa Thiong'o katika Petals of Blood (1977). Theng'eta ya kwanza hupikwa na bibi kizee Nyakinyua, nayo hunywewa kwa pamoja na kwa adabu zake. Hapo ndipo Karega anaposimulia mapenzi yake na marehemu Mukami, na Munira anatambua kwamba anayesimuliwa ni dadake mwenyewe. Unywaji huo ni wa kijamii, na papo hapo ni wa majonzi; tofauti ni kwamba majonzi yamepata wasikilizaji. Baadaye Theng'eta inakuwa bidhaa, na faida yake inaishia mikononi mwa akina Mzigo, Chui na Kimeria. Munira anaendelea kuinywa, lakini sasa anazama. Upweke wake haukuanza siku hiyo. Alikuja nao Ilmorog. Kilichobadilika ni chungu na mwenye chungu.

Tugeuke sasa kwenye maisha yenyewe. Turkana imekuwa kwa muda mrefu mahali pa kuwekea watu wangoje. Jomo Kenyatta alizuiliwa Lokitaung, kisha akahamishiwa Lodwar mwaka 1959. Kakuma, yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar, ilifanywa kambi mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na baadaye ikapokea watu wa Somalia, Ethiopia, Kongo na kwingineko. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuwa huru kutoka kambini wala kufanya kazi apendayo. Uchungu wake, basi, si wa vita alivyovikimbia peke yake. Ni pia wa kungoja kusiko na tarehe.

Katika mazingira hayo mama pima hupika busaa na chang'aa. Sehemu ya nafaka yake hutoka katika mgao wa chakula uliouzwa ili familia ipate kuni, sabuni au karo. Wanaokuja kunywa ni wakimbizi na wenyeji pia. Mmoja huja kwa habari za kwao na mzaha wa jioni. Jirani yake, mwenye kopo lile lile, huja ili usiku apate kulala. Wanaotafuna miraa nao huketi kikao kizima wakizungumza, na ndani ya mazungumzo yao yumo anayeogopa saa ya kubaki peke yake. Nani ataupiga mstari kati ya hawa? Mtu yule yule aweza kuuvuka mara mbili katika jioni moja.

Yamkini tutaambiwa kwamba tunaupamba ulevi. La hasha. Mtama ukiingia chunguni, umetoka katika sahani ya mtoto, na kupatana kwa wanywaji hakumshibishi. Hata Nyakinyua wa Ngũgĩ amepakwa rangi nzuri kupita kiasi: yeye hapikii karo ya mtu. Mama pima wa Kakuma hana nafasi hiyo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa kwa masharti ya leseni na ufungashaji, masharti ambayo mpishi wa jikoni hawezi kuyatimiza. Kwa hiyo amebaki nje ya sheria, akilaumiwa kwa ulevi ambao hakuuanzisha. Kumsoma kama Mama Jeni mwingine ni kumdhulumu, na kumsoma kama Nyakinyua ni kumdanganya.

Mhakiki, kwa hiyo, hana budi kuacha kuuliza kama mhusika anakunywa kwa furaha au kwa huzuni. Na aulize kama kileo kinamwachia mnywaji mtu wa kumsikiliza, na kama gharama yake inalipwa na asiyekunywa. Kwa kipimo hicho Karega amenusurika, Munira amepotea, na Maimuna amezungukwa na umati usiomsikia. Swali hili lina uzito nje ya darasa pia. Anayefundishwa kumsoma Zakaria kama onyo tu atafika Kakuma siku moja, awe mwalimu au ofisa, naye ataona walevi. Hataona watu wanaongoja.