Hekalu la Ezekieli

Hapa Kikula twasikia wakihubiri kwamba Bwana Wetu hatarudi mpaka Hekalu la Yerusalemu lijengwe tena kwa mawe. Wakristo wengine wamefadhaika. Hushika Ezekieli 40 hadi 48. Twaona wamesoma vipimo, wakaacha maji. Katika sura ya 47 mto watoka chini ya kizingiti, waponya hata bahari ya chumvi. Fundi gani atajenga hayo? Kanisa huyaimba wakati wa Pasaka, likinyunyiza watu. Yohane 2:21 asema Hekalu ni mwili wake. Mwaka 363 Kaisari Juliano alijaribu kulijenga, akashindwa. Lakini Wayahudi wanaosali penye ukuta wa magharibi tusiwacheke: walilia nyumba ambayo Yesu mwenyewe aliiita ya Baba yake.