Kodi ya Jengo Ilivyoingia Kwenye Luku

Mwezi ukianza, katika nyumba nyingi za uani za Tandika, Azimio na Mbagala, wilayani Temeke, hakuna anayetaka kutangulia kununua umeme. Mita ni moja, wapangaji ni watano au sita, na luku hununuliwa kwa zamu. Atakayeanza ndiye atakayekatwa shilingi 1,500 ya kodi ya jengo la baba mwenye nyumba. Tuseme ana 5,000. Bei ya yuniti kwa mteja wa kawaida wa majumbani ni shilingi 292. Ukiweka VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, yuniti inafika 356. Kwa 5,000 angepata yuniti 14. Kodi ikishatolewa, anabaki na 3,500, na tokeni inamletea yuniti 9.8.

Nimesikia lawama za makato haya zikielekezwa kwa TANESCO, kwa wakala wa luku, hata kwa mjumbe wa nyumba kumi. Hao wote hawakupiga kura. Kodi hii ilipitishwa Dodoma kwa hatua zinazojulikana, na kila hatua ina mlango wake. Nataka tuzipitie, maana nadhani tumekuwa tukigonga mlango usio na mtu ndani.

Kodi yenyewe ni ya zamani. Sheria ya mwaka 1983 iliwapa madaraka ya miji uwezo wa kutoza kodi ya majengo, na kwa miaka mingi halmashauri ziliikusanya zenyewe. Mwaka 2008 kazi hiyo kwa Dar es Salaam ikapewa Mamlaka ya Mapato (TRA), mwaka 2014 ikarudishwa kwa manispaa, na mwaka 2016 ikahamia TRA tena. Mwaka 2018 viwango vikarahisishwa: badala ya kuthamini kila jengo, nyumba ya kawaida ikalipiwa 10,000 kwa mwaka. Bado ilimpasa mwenye nyumba aende mwenyewe kulipa, na wengi hawakwenda.

Ndipo Juni 10, 2021, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba aliposoma bungeni bajeti ya shilingi trilioni 36.3 na kupendekeza kodi ya majengo ikatwe kwenye luku: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila ghorofa mjini. Makato yalianza Agosti 20 mwaka huo. Mwaka 2023 kiwango kikapanda hadi 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

Kwa mkusanyaji, njia hii ni rahisi kuliko zote. Haihitaji hati ya madai, mgambo wala foleni. Shida ni kwamba sheria inamtaja mmiliki wa jengo kuwa mlipaji, na mita haimjui mmiliki. Inamjua anayewasha taa. Serikali ilieleza wakati ule kuwa mpangaji atamalizana na mwenye nyumba kwenye kodi ya pango. Anayesema hivyo angepaswa kuishi Temeke japo mwezi mmoja. Mpangaji wa chumba na sebule hulipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo kabla hajaingiza godoro. Pesa ikishatoka, atamkata nani? Na kwenye mita ya pamoja, nani kati ya sita atakwenda kudai 1,500 wakati mwezi ujao ni zamu ya mwingine? Lugha yetu nayo inazidisha utata, kwa kuwa kodi anayolipwa mwenye nyumba na kodi anayolipa mwenye nyumba tunaziita kwa neno lilelile.

Sasa twende Dodoma. Wengi wanaikumbuka kura moja tu, ile ya bajeti kuu inayorushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Makatibu wa Bunge huita majina, mbunge mmoja baada ya mwingine, naye hujibu ndiyo, hapana, au hana uamuzi. Ni kura ya heshima, yenye jina na sauti. Lakini soma Ibara ya 90 ya Katiba: Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Mbunge anayesimama kuitwa jina siku ile anaulizwa kama anataka barabara zote, shule zote, mishahara yote na ubunge wake mwenyewe viendelee. Hata angekuwa na uchungu kiasi gani na mpangaji wa Mbagala, kura hiyo haina nafasi ya kuuonyesha. Ndiyo maana siipi uzito ambao vyombo vya habari huipa.

Kodi ya kwenye luku ilipita kwenye chombo kingine: Muswada wa Sheria ya Fedha. Huu ni muswada mmoja unaorekebisha sheria nyingi kwa pamoja. Ule wa mwaka 2021 ulibeba kodi ya majengo kwenye luku, tozo ya miamala ya simu, na shilingi 100 zaidi kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara. Mambo matatu tofauti kabisa, yanayogusa watu tofauti, ndani ya kitabu kimoja. Muswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa Kamati ya Bajeti inayoita wadau watoe maoni, hurudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima. Hapo Katibu husoma ibara moja baada ya nyingine, na wabunge huafiki kwa sauti. Wanaosema ndiyo wakisikika kuwa wengi, ibara imepita. Hakuna jina linaloandikwa.

Hapo ndipo 1,500 ilipopatikana. Ile kura yenye majina haiwezi kumtua mzigo mpangaji, na inayoweza haina majina.

Majirani zetu Kenya wana desturi nyingine. Juni 25, 2024, Muswada wa Fedha ulipofika mwisho, wabunge 195 waliunga mkono na 106 walipinga. Mwaka mmoja kabla, walihesabu kura hata kwa kifungu kimoja, kile cha kupandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16: 184 kwa 88. Mwananchi akaweza kumfuata mbunge wake kwa jambo mahususi. Damu ya waandamanaji iliyomwagika Nairobi siku ile ya 2024 si kitu cha kutamani, na sisemi tuige kila kitu. Nasema kuhesabu kura kwa kifungu kunawezekana, na Bunge haliporomoki kwa hilo.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Umeme ni huduma yenye mdhibiti. Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 inataka bei isibadilishwe kabla ya kufanyika taftishi, yaani mkutano wa wazi ambako mwombaji anajieleza, baraza la watumiaji linatoa hoja, na mama wa Keko anaweza kushika kipaza sauti akauliza swali. Mwishoni mwa 2016 EWURA iliidhinisha bei ya umeme ipande kwa asilimia 8.53 kuanzia Januari 1, 2017. Uamuzi huo ulizuiwa na Serikali ya Rais Magufuli, na siku hiyohiyo Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba, akaondolewa. Linganisha. Asilimia 8.53 ya 5,000 ni kama shilingi 427, nayo ilizua taharuki ya taifa. Kato la 1,500 kwenye 5,000 hiyohiyo ni asilimia 30 ya manunuzi, na halikupita kwenye taftishi yoyote, kwa sababu kisheria si bei ya umeme. Kwa mnunuzi wa luku ndogondogo, tofauti hiyo iko kwenye karatasi tu.

Mlango uko wapi, basi? Uko kwenye Ibara ya 99 ya Katiba. Ibara hiyo inamzuia mbunge kuleta pendekezo la kutoza kodi au kuibadilisha bila idhini ya Rais, lakini imeacha nafasi moja: kupunguza. Mbunge wa Temeke au Mbagala anaweza kuwasilisha jedwali la marekebisho katika Kamati ya Bunge Zima, akataka kifungu kiseme kwamba mita inayotumiwa na wapangaji isikatwe, na mwenye nyumba adaiwe kwa namba ya malipo. Anaweza kushindwa kwa sauti. Ila jina lake na maneno yake vitabaki kwenye Taarifa Rasmi. Na shinikizo hufanya kazi: tozo ya miamala iliyoanza Julai 15, 2021 ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka uleule, baada ya watu kulalamika bila kuchoka. Kodi ya luku haikupata kelele kama zile, na miaka miwili baadaye ilipandishwa kwa nusu.

Kamati ya Bajeti huita wadau kabla Muswada wa Fedha haujarudi bungeni. Wapangaji wa Temeke hawana chama kinachokwenda kuketi pale, na madiwani wetu wangeweza kubeba sauti hiyo kwa barua ya kurasa mbili. Naomba waibebe safari ijayo. Wewe msomaji, Taarifa Rasmi za mijadala ya Bunge zinasomwa bure kwenye tovuti yake. Fungua za mwisho wa Juni, ruka hotuba, nenda moja kwa moja kwenye Kamati ya Bunge Zima, uangalie kama mbunge wako alisimama.