Neno Bila Sentensi: Kiswahili katika Vitabu vya Watoto vya Marekani

Mwaka 1971 kampuni ya Dial ya New York ilichapisha kitabu cha kuhesabia kiitwacho Moja Means One. Maneno yaliandikwa na Muriel Feelings, na picha zikachorwa na Tom Feelings, aliyekuwa mumewe. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilitunukiwa heshima ya Caldecott, inayofuatia medali kuu ya vitabu vya picha nchini Marekani, na Tom Feelings akawa msanii wa kwanza Mmarekani Mweusi kuipata. Mwaka 1974 wawili hao walitoa kitabu cha alfabeti, Jambo Means Hello, ambacho nacho kilipewa heshima hiyo hiyo mwaka 1975. Vitabu hivi vimeingia katika historia ya fasihi ya watoto ya Marekani, na mzazi Mswahili aishiye ughaibuni anapokutana navyo maktabani hana budi kufurahi, maana lugha yake huiona kwa nadra sana katika rafu hizo. Furaha hiyo ni halali. Hata hivyo, swali moja halijaulizwa vya kutosha: mtoto wa Kiswahili anapovifungua, anasemeshwa na nani?

Ili kuvitendea haki vitabu hivi, ni lazima kukumbuka vilizaliwa wakati gani. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha makala katika jarida la Saturday Review iliyowashtua wengi. Alikuwa amechunguza vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa na wachapishaji 63 kati ya mwaka 1962 na 1964. Kati ya hivyo, ni 349 tu, yaani asilimia 6.7, vilivyomtaja au kumchora hata mtu mmoja Mweusi. Hata kitabu mashuhuri cha miaka hiyo chenye mtoto Mweusi kama mhusika mkuu, The Snowy Day cha mwaka 1962, kilitungwa na kuchorwa na mzungu, Ezra Jack Keats. Mtoto Mweusi wa Marekani alikuwa akisoma habari za ulimwengu ambao yeye hakuwemo.

Muriel Feelings alikuwa amefundisha sanaa nchini Uganda katika miaka ya 1960, na Tom Feelings alikuwa amefanya kazi nchini Ghana wakati wa Nkrumah. Walirudi na azma ya kumwonyesha mtoto wa Harlem au Chicago kwamba bara la asili yake lina watu wenye heshima, kazi, ibada na maskani. Picha za Tom, alizozichora kwa wino na karatasi ya shashi bila rangi za kung'ara, zinaitimiza azma hiyo. Nyuso zake zina uzito, na hakuna mtu aliyechorwa ili achekwe. Kwa msomaji waliyemkusudia, vitabu hivi vilikuwa zawadi kubwa.

Tatizo linajitokeza pale anapoingia msomaji ambaye hakukusudiwa. Muundo wa Moja Means One ni rahisi: kila namba ina neno moja la Kiswahili, maelekezo ya namna ya kulitamka, na maelezo ya Kiingereza kuhusu kinachoonekana katika picha. Namba ya kwanza inahusu Mlima Kilimanjaro. Katika Kiswahili, lakini, mlima huo hauwi «moja». Ni mlima mmoja. Watu ni wawili, vitabu ni viwili, ndizi ni mbili. Namba hubadilika kulingana na kinachohesabiwa, na mtoto wa miaka mitatu aliyelelewa Tanga au Lamu hulifahamu jambo hilo kabla hajafahamu kuvaa viatu. Kuhesabu kwa namba tupu ni sehemu ya Kiswahili pia, na hakuna kosa ndani yake. Lakini maadamu nomino zote zimebaki katika Kiingereza, namba haina cha kupatana nacho. Lugha ambayo uhai wake umo katika upatanisho imeletwa bila upatanisho.

Kitabu cha pili kinalidhihirisha jambo hilo tangu jalada. Neno «jambo» husikika katika maamkizi, hasa mgeni anaposalimiwa, lakini salamu yenyewe ni «hujambo», na jibu lake ni «sijambo». Ndani ya kiambishi «hu» yumo anayeulizwa, na ndani ya «si» yumo anayejibu. Ukiviondoa viambishi hivyo, umewaondoa watu wawili waliokuwa wakiamkiana, na kilichobaki ni nomino yenye maana ya shauri au habari. Mtoto anayeijua lugha hii ataona neno lake limewekwa mezani ili litazamwe. Yeye mwenyewe hajaulizwa hali.

Yafaa isemwe kwamba kasoro hii haikuanzia kwa Muriel na Tom Feelings. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi za Waswahili wa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Mwaka 1901 George Bateman alitoa mjini Chicago kitabu chake cha hadithi za Zanzibar, zikiwemo za sungura na simba na ile ya kima, papa na punda wa dobi. Kwa hiyo hadithi za Waswahili zilikuwa zimefika Marekani kwa vitabu miaka sabini kabla ya Moja Means One. Ila zilifika kwa Kiingereza kitupu. Steere, askofu na mtu wa misheni mwenye madhumuni yake, aliiacha lugha isimame kando ya tafsiri. Katika kitabu cha Bateman lugha imetoweka na hadithi imebaki, ilhali katika vitabu vya mwaka 1971 na 1974 maneno yamerudi lakini hadithi haikurudi nayo.

Tangu hapo mtindo wa neno moja moja umekuwa desturi. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 iliwafundisha watoto wa dunia nzima kwamba kuna simba aitwaye Simba na nyani aitwaye Rafiki. Iliwapa pia fisi aitwaye Shenzi, jina ambalo mama Mswahili hana raha kulisikia likitamkwa mezani na mwanawe. Hata vitabu vya picha vinavyoiweka hadithi yao Afrika Mashariki aghalabu hufuata njia hiyo. Masimulizi huwa ya Kiingereza, na ndani yake hunyunyizwa «mama», «shamba», «asante», kisha faharasa ndogo hufungwa mwishoni. Kiswahili kimekuwa kiungo cha kutia harufu katika chakula cha lugha nyingine.

Mjadala wa uwakilishi nchini Marekani umejengwa juu ya hesabu na juu ya sitiari. Hesabu hufanywa na kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison, ambacho mwaka 1985 kilibaini kwamba kati ya vitabu takriban 2,500 ni 18 tu vilivyokuwa na mwandishi au mchoraji Mweusi. Sitiari ni ya Rudine Sims Bishop, aliyeandika mwaka 1990 kwamba kitabu chaweza kuwa kioo cha kujitazamia, dirisha la kuwaona wengine, au mlango wa kupitia. Vipimo vyote viwili vimefanya kazi kubwa. Lakini kipimo cha kwanza huhesabu watu, na cha pili husifu kuona. Hakuna kati yake kinachouliza lugha ya mtoto imetumika vipi.

Na mapokeo ya Waswahili yana kipimo chake. Msimulizi husema «Paukwa!» na watoto hujibu «Pakawa!» Pasipo jibu hilo hadithi haianzi. Mtoto ni mshiriki tangu neno la kwanza, na ushiriki huo humdai lugha. Ukivipima kwa kipimo hiki, vitabu vya Feelings ni vizuri kwa macho, lakini havina mahali pa kuitikia.

Jambo hili lingekuwa la wahakiki peke yao kama lisingegusa nyumba za watu. Watoto wa wakimbizi wa Kikongo waliohamia Marekani, watoto wa Mombasa walioko London, na wajukuu wa waliotoka Unguja wakaishi Maskati wanakabiliwa na hatari moja. Wanabaki na maneno huku wakipoteza sentensi. Wanajua «chapati» na «bibi» na «shikamoo», lakini bibi akiuliza swali kwa simu, wanamgeukia mama awatafsirie. Kitabu chenye neno moja kila ukurasa hakiwezi kuwaokoa, kwa kuwa kinawapa kile kile ambacho bado wanacho.

Wachapishaji husema kwamba kitabu cha Kiswahili kitupu hakina soko ng'ambo. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haimlazimu mtu kuchagua kati ya Kiswahili kitupu na Kiswahili cha kunyunyiza. Kurasa mbili zinazotazamana, kama za Steere, zingemtosheleza mzazi anayeijua lugha na mtoto anayeisahau. Mradi wa African Storybook umekwisha kuweka kwenye intaneti vitabu vingi vya picha vyenye sentensi kamili za Kiswahili, na leseni yake inaruhusu watu kuvichapa na kuvitafsiri. Kwa hiyo mchapishaji wa Marekani au Uingereza anayetaka kufuata njia hiyo hatalazimika kuanza na karatasi tupu.

Muriel na Tom Feelings walimrudishia mtoto Mweusi wa Marekani uso wake, na deni hilo halitasahaulika. Mtoto wa Kiswahili ughaibuni ana haja nyingine: kitabu kitakachomuuliza «Hujambo?», kisha kingoje ajibu.